Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mkusanyiko Wangu wa Pembe Zilizoanguka na Mafuvu ya Wanyama

Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikiokota pembe ambazo kulungu wamezidondosha wenyewe, pamoja na mafuvu ya wanyama waliokufa porini, katika mabonde na milima ya magharibi mwa jimbo la Montana, Marekani, ninakoishi. Hivi sasa nina pembe 64 na mafuvu 37, na karibu kila kimoja kina kasoro au umbo lisilo la kawaida, kwa kuwa pembe nzuri zinazolingana pande zote mbili nyingi nimeziacha pale nilipozikuta. Wageni wanaofika nyumbani, wakiwamo Watanzania na Wakenya wenzangu na familia za Wakongo ambazo mji wa Missoula umekuwa ukizipokea tangu mwaka 2016, huuliza maswali yanayofanana. Nimeyakusanya hapa, na kila moja nimelijibu kwa urefu linaostahili.

Je, uliwaua wanyama hawa ili upate pembe zao?

Hapana. Pembe zote 64 zilianguka zenyewe kutoka vichwani mwa wanyama waliokuwa hai, na wengi wao waliendelea kuishi na kuota nyingine mwaka uliofuata. Mafuvu ni ya wanyama waliokufa kwa baridi, njaa, uzee, ugonjwa, kwa kuliwa na puma au mbwa mwitu, ama kwa kugongwa na magari, isipokuwa matatu niliyopewa na mtegaji mwenye leseni aliyekuwa ameshachuna ngozi na hakuhitaji vichwa. Siwalaumu wawindaji wanaofuata sheria, lakini shughuli yangu ni nyingine.

Inawezekanaje pembe ianguke yenyewe? Ng'ombe na mbuzi wetu hawadondoshi pembe.

Hili ndilo swali la msingi, nalo lina utata kwa sababu Kiswahili kina neno moja, pembe, kwa vitu viwili vyenye asili tofauti kabisa. Pembe ya ng'ombe, mbuzi, swala, tandala au pofu ni ala ngumu iliyotengenezwa kwa dutu ileile ya kucha na kwato, nayo hufunika kiini cha mfupa kilichoshikamana na fuvu. Hukua maisha yote ya mnyama, haina matawi, na ikivunjika haioti upya. Ukiivua ala hiyo kutoka kwenye kiini chake unapata kitu chenye uwazi ndani, na ndiyo maana wazee wetu waliweza kutoboa pembe ya tandala na kuifanya baragumu. Pembe ya kulungu wa huku haiwezi kuwa baragumu hata kidogo, kwa sababu ni mfupa mtupu uliojaa ndani, na mfupa huo huota, hukomaa, hufa na kuanguka kila mwaka.

Mzunguko wenyewe huongozwa na urefu wa mchana. Siku zinaporefuka katika majira ya kuchipua, vikonyo viwili vya mfupa vilivyo juu ya paji la uso huanza kuota pembe mpya, ikiwa imefunikwa na ngozi laini yenye vinyweleo kama mahameli na yenye mishipa mingi ya damu. Mfupa huu hukua kwa kasi ambayo mifupa mingine ya mamalia haifikii: pembe ya wapiti, yule kulungu mkubwa wa milima ya huku, inaweza kurefuka kwa takriban sentimita 2.5 kwa siku moja wakati wa kilele. Chakula peke yake hakitoshi kugharimia ujenzi wa namna hiyo, hivyo mwili hukopa madini kutoka mifupa mingine, hasa mbavu, na kuyarudisha baadaye. Kuelekea mwisho wa Agosti na mwezi wa Septemba, mchana ukiwa unafupika, homoni ya testosteroni huongezeka, damu hukatika kwenye mahameli, ngozi hukauka, na dume huisugua kwenye miti mpaka mfupa ubaki wazi. Baada ya msimu wa kupandana homoni hiyo hushuka, na chembe zinazomeng'enya mfupa huanza kula mpaka kati ya kikonyo na pembe, hadi siku moja pembe inaachia na kuanguka. Kulungu mkia-mweupe wengi hudondosha kati ya Desemba na Machi, na wapiti huchelewa hadi Machi na Aprili.

Je, mnyama huumia pembe inapoanguka?

Wakati huo pembe yenyewe ni mfupa uliokufa miezi mingi kabla, usio na hisia. Kikonyo hutoa damu kidogo, hufunikwa na gaga, na ngozi hufunga jeraha ndani ya wiki chache. Kidonda kikubwa ni kile kinachotokea wakati wa kiangazi, pembe ikiwa bado hai ndani ya mahameli, na huko ndiko maumbo mengi ya ajabu yanakoanzia.

Jina sahihi la mnyama huyu ni lipi: kulungu, ayala au paa?

Msomaji wa Zaburi ya 42 anamjua ayala, aioneaye shauku mito ya maji, na neno hilo limetoka katika Kiebrania. Wengine husema kulungu, ingawa sehemu nyingi za Afrika Mashariki kulungu au mbawala ni mnyama wa msituni wa jamii ya tandala. Paa ni mnyama mdogo zaidi na hafai hapa. Mimi hutumia kulungu kwa jamii nzima inayodondosha pembe, kwa sababu ndilo neno ambalo watoto hulielewa haraka. Jamii hiyo haiko Afrika Mashariki kabisa. Katika bara zima la Afrika mwakilishi wake wa asili ni mmoja tu, kulungu mwekundu wa Algeria na Tunisia.

Kwa nini baadhi ya pembe zako zina maumbo ya ajabu namna hiyo?

Sababu ni nyingi, na katika miaka hii nimejifunza kutoharakisha kusema ni ipi. Ya kwanza ni jeraha ndani ya mahameli: dume akijigonga kwenye waya wa seng'enge au akianguka mwezi wa Juni, pembe laini hupasuka, na mfupa unapopona huota tawi linaloshuka chini, uvimbe kama ngumi, au bapa mahali ambapo palitakiwa pawe na ncha. Umbo la namna hiyo kwa kawaida ni la mwaka mmoja, kwa sababu pembe ya mwaka unaofuata huanza upya. Ya pili ni jeraha la kikonyo chenyewe, ambalo huacha alama kila mwaka hadi mnyama afe, na wakati mwingine kikonyo kilichopasuka huotesha pembe ya tatu. Ya tatu, ambayo hata wageni wangu wenye elimu ya mifugo huishangaa, ni jeraha la mguu: dume aliyevunjika mguu wa nyuma wa kushoto mara nyingi huota pembe dhaifu upande wa kulia, yaani upande wa pili wa mwili. Jambo hili limeonekana mara nyingi, ingawa njia ambayo mwili unaitumia kulifanya bado inajadiliwa na wataalamu.

Ya nne inahusu homoni. Dume ambaye korodani zake hazikushuka au zimeharibika hana testosteroni ya kutosha kukausha mahameli wala kuangusha pembe. Basi pembe hubaki hai, hufunikwa na ngozi mwaka mzima, na kila msimu huongeza vinundu juu ya vinundu, huku ncha zikiuawa na baridi ya theluji, mpaka kichwa kinafanana na mmea wa dungusi. Ninalo fuvu moja la aina hii, la kulungu wa masikio makubwa, lenye vinundu 31 nilivyovihesabu mara tatu. Nililikuta kando ya kijito mwezi wa Mei, nikalipiga picha, nikaliacha palepale, na nikampigia simu askari wa wanyamapori wa eneo lile. Nililichukua baada tu ya yeye kulikagua na kunipa ruhusa.

Urithi na umri navyo vina sehemu yao. Madume wazee, nguvu zikipungua, mara nyingi huota pembe zenye mashina mazito lakini matawi yasiyo na mpangilio.

Je, idadi ya matawi inaonyesha umri wa mnyama?

Haionyeshi, ingawa imani hiyo imeenea sana. Dume wa miaka miwili aliyekula vizuri anaweza kuwa na matawi mengi kuliko mzee wa miaka kumi. Umri hutafutwa kwenye meno, ama kwa kuangalia jinsi magego yalivyolika, ama kwa kukata jino na kuhesabu pete za tabaka linalofunika mzizi wake, mithili ya pete za mti.

Ni kitu gani unachokithamini zaidi?

Si kikubwa wala si kizuri. Ni pembe tatu za kulia za dume mmoja wa mkia-mweupe, nilizoziokota majira matatu ya kuchipua mfululizo kwenye mteremko mmoja, zote ndani ya umbali usiozidi mita mia nne. Ya mwaka wa kwanza ni ya kawaida, ina matawi manne na uzito wa gramu 610. Ya mwaka wa pili ni kijiti kilichopinda chenye gramu 140, na ya mwaka wa tatu ina gramu 385, imenyooka tena lakini tawi moja limekosekana. Mwenye shamba, aliyenipa ruhusa ya kutembea kwenye ardhi yake, alikuwa amemwona dume huyo akichechemea mguu wa nyuma wa kushoto majira ya joto yaliyotangulia kile kijiti. Ninajua kuwa ni dume yuleyule kwa sababu pete ya mfupa iliyo chini ya pembe zote tatu ina mfuo mmoja wenye umbo lilelile, na tawi la kwanza limepinda kwa ndani kwa kiasi kilekile. Ukizipanga mezani unaona mnyama akiumia na kupona, ingawa hukuwahi kumwona uso kwa uso. Pembe ya mwaka wa nne niliitafuta kwa siku tisa bila kuipata.

Nafasi ya pili naipa fuvu la biva, yule mnyama anayejenga mabwawa kwa miti. Meno yake ya mbele huota bila kukoma, nayo yana rangi ya chungwa kwa sababu ya madini ya chuma yaliyo katika gamba la jino. Huyu taya lake lilipinda, meno ya juu na ya chini yakakosa kukutana na kusagana, na moja la juu likazunguka kama kikuku hadi likakaribia kuingia kaakaani. Kila mtoto aliyelishika fuvu hili amekaa kimya kwa muda.

Je, jike naye huota pembe?

Kwa kawaida haoti, ila jike wa reindia, kulungu wa nchi za kaskazini ya mbali, ambaye huota kila mwaka, na akiwa na mimba hubaki na pembe zake hadi karibu na kuzaa, wakati madume walishazidondosha mwanzoni mwa baridi. Katika jamii nyingine jike mwenye pembe ni tukio la nadra linalotokana na homoni. Ninalo fuvu moja la jike wa mkia-mweupe lenye pembe moja ya urefu wa sentimita 9, ambayo bado ina mabaki ya mahameli yaliyokauka.

Na ile ala nyeusi yenye uma mmoja ni ya mnyama gani?

Ni ya pronghoni, mnyama wa nyika za Marekani ambaye watu humwita swala ingawa si swala wala si kulungu, bali ndiye pekee aliyebaki wa familia yake. Pembe yake ina kiini cha mfupa kama ya mbuzi, lakini ala ya nje huvuka kila mwaka. Amesimama katikati ya makundi mawili niliyoyaeleza juu, na ndiyo maana nimemweka katikati ya rafu.

Unazipataje? Mimi nimetembea msituni siku nzima sijaona hata moja.

Wengi hutembea haraka mno na mahali pasipostahili. Pembe huangukia pale ambapo mnyama aliishi mwishoni mwa baridi, si pale anapoonekana kiangazi. Huku kwetu hapo ni kwenye miteremko inayotazama kusini, ambako jua huyeyusha theluji mapema na majani hujitokeza, kwenye vichaka ambako hulala mchana, na kwenye njia wanazopita kati ya malazi na malisho. Mahali wanaporuka uzio au mtaro pana faida ya pekee, kwa sababu kishindo cha kutua huangusha pembe iliyokwisha kulegea. Mimi huketi kwanza na darubini na kuupitia mteremko wote kabla ya kunyanyua mguu, nikitafuta si pembe nzima bali ncha moja inayong'aa au mkunjo ambao nyasi na matawi ya miti hayana. Siku ya mawingu baada ya mvua ni bora kuliko siku ya jua kali, maana pembe iliyolowa huwa na rangi ya kahawa inayojitenga na nyasi zilizokauka.

Usidhani pia kwamba zinarundikana mwaka hadi mwaka. Panya, kindi na nungunungu huzitafuna ili kupata kalisi na fosforasi, na jua huzigeuza nyeupe na kuzipasua. Ninayo pembe ya wapiti ambayo nungunungu ameila upande mmoja hadi ikabaki kama upinde mwembamba, yenye mistari ya meno kila mahali, na wageni wengi hudhani nimeichonga.

Sheria inasemaje?

Kwanza fahamu kwamba sheria za Marekani hutofautiana jimbo kwa jimbo, na mtu asitegemee maneno yangu badala ya kuuliza ofisi ya wanyamapori ya mahali alipo. Ndani ya hifadhi za taifa kama Yellowstone na Glacier huruhusiwi kuondoa hata pembe moja. Kwenye ardhi ya mtu binafsi unahitaji ruhusa ya mwenyewe, na ardhi za makabila ya wenyeji wa asili zina sheria zake, nami siingii huko bila kuruhusiwa. Hapa Montana maeneo mengi ya serikali yaliyotengwa kwa ajili ya malisho ya baridi hufungwa hadi tarehe 15 Mei saa sita mchana. Katika jimbo jirani la Wyoming, ardhi za umma za upande wa magharibi hufungwa kwa waokota pembe kuanzia tarehe 1 Januari hadi tarehe 1 Mei, na wasio wakazi wa jimbo hilo husubiri wiki moja zaidi.

Sababu ya kufunga ni ya haki kabisa, na naomba wanaoanza waielewe kabla ya kulalamika. Mwezi wa Machi kulungu anaishi kwa mafuta ya mwisho yaliyobaki mwilini. Kila akikurupushwa na kukimbizwa kwenye theluji anatumia akiba ambayo hana namna ya kuirudisha, na jike mwenye mimba anaweza kufa pamoja na ndama wake. Nimekuta mizoga miwili kwenye bonde ambalo siku chache kabla lilikuwa na alama za magari ya theluji yaliyopita huku na huko, na tangu hapo sikanyagi eneo lolote la malisho ya baridi kabla ya Mei, hata pale sheria isiponizuia.

Mafuvu yenye pembe bado zikiwa zimeshikamana huwa na masharti magumu zaidi, kwa sababu askari hana budi kujua kama mnyama alikufa au aliuawa kinyume cha sheria. Mafuvu na manyoya ya karibu ndege wote wa porini wa asili ya nchi hii yamekatazwa na sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918, na tai wana sheria yao ya mwaka 1940. Kwa hiyo katika rafu zangu hutaona fuvu hata moja la ndege wa porini.

Je, naweza kuanzisha mkusanyiko kama huu Tanzania au Kenya?

Nakuomba usifanye hivyo bila kibali. Tanzania, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, fuvu la nyati, pembe ya swala au jino la ngiri ulilookota njiani ni nyara ya Serikali, na kukutwa nalo bila kibali ni kosa linaloweza kukupeleka gerezani, hata kama hukumgusa mnyama. Kenya, iliyopiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977, ina masharti makali vilevile katika sheria yake ya mwaka 2013. Ukikuta mabaki, yaache na utoe taarifa kwa askari wa wanyamapori.

Kuna sababu nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha, nayo ni kimeta. Mbegu za ugonjwa huu hudumu miaka mingi katika udongo na mabaki ya mzoga, na milipuko yake imewahi kuua nyumbu, nyati na viboko wengi katika ukanda wetu. Mwenye hamu ya kujifunza mifupa aende Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, au Makumbusho ya Elimu Viumbe katika Boma la zamani la Wajerumani jijini Arusha, ambako ataona vitu kwa usalama na kwa mujibu wa sheria.

Unasafishaje fuvu?

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kulichemsha kwa nguvu, kisha kulimwagia dawa ya klorini ya kufulia nguo, ile tunayoiita jiki. Nililifanya na mimi mwaka wa kwanza. Fuvu la dubu nililokuwa nimepewa lilitoka jeupe kama chaki, na baada ya miezi michache likaanza kumeguka kwa vidole, kwa sababu klorini hula ile protini inayoushikilia mfupa na haiachi kufanya kazi hata ukisuuza. Kuchemsha nako husukuma mafuta ndani ya mfupa, hutenganisha mifupa myembamba ya pua, na kupasua meno. Fuvu lile bado ninalo, na huwaonyesha wanaoanza.

Njia yangu sasa ni ya polepole. Nikishaondoa nyama kadiri kisu kinavyofika, nalizamisha fuvu katika ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye kifuniko, nje ya nyumba, na kuwaachia bakteria kazi kwa wiki tatu hadi sita. Harufu yake ni kali, na jirani apewe taarifa mapema. Maji ya kumwaga nayapitisha kwenye chujio, maana meno madogo huchomoka na bila chujio hupotea moja kwa moja. Halafu hufuata hatua ambayo wengi huiruka, kutoa mafuta: fuvu hulowekwa katika maji ya moto kiasi yenye sabuni ya kuoshea vyombo, yakibadilishwa kila yanapochafuka, kwa wiki kadhaa, na kwa fuvu la dubu au biva hata miezi. Fuvu lisilotolewa mafuta hugeuka manjano na kunata. Mwisho hulowekwa katika haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya dukani ya kuoshea vidonda, kwa siku moja au mbili, kisha hukaushwa kivulini. Pembe zilizoshikamana na fuvu zisiguse maji wakati wote huo, kwa kuwa rangi yake ya kahawa hutokana na utomvu wa miti na mabaki ya damu, na ikishaoshwa hairudi.

Makumbusho mengi hutumia mbawakawa walao mizoga, ambao husafisha fuvu la panya bila kuvunja hata kijimfupa kimoja. Mimi siwafugi, kwa sababu wakitoroka hula sufu, ngozi na vielelezo vingine ndani ya nyumba.

Je, kuna hatari ya magonjwa?

Ipo, na glavu si za hiari. Huku kuna ugonjwa wa kulungu unaodhoofisha ubongo, uliotambuliwa kwanza jimboni Colorado mwaka 1967 na kugunduliwa kwa kulungu wa porini wa Montana mwaka 2017. Husababishwa na prioni, protini iliyojikunja vibaya, ambayo haiuawi kwa kuchemsha kwa kawaida na hudumu udongoni. Haijathibitika kwamba humwambukiza binadamu, lakini ubongo na uti wa mgongo ndimo inamojaa, na kwa sababu hiyo majimbo mengi hayaruhusu kuingiza kichwa ambacho hakijasafishwa. Mnyama aliyekonda sana au aliyekufa bila sababu ya kuonekana simgusi, natoa taarifa. Pia usikate wala kusugua pembe kwa msasa bila barakoa, maana vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Kwa nini kila kitu kina namba na kijikaratasi?

Kwa sababu bila hicho mkusanyiko huu ni rundo la mifupa. Kila pembe ina namba iliyoandikwa kwa wino mdogo upande usioonekana, na namba hiyo inarejea kwenye daftari lenye tarehe, mahali kamili, aina ya mnyama, upande wa kushoto au kulia, uzito, mzingo wa shina juu ya pete, aliyetoa ruhusa, na niliyoyaona karibu: nyayo, malazi, uzio, mizoga. Zile pembe tatu za dume aliyechechemea zisingenieleza lolote kama nisingekuwa nimeandika siku na mteremko. Nina pembe tano za mwaka wa kwanza ambazo sikuziandikia chochote, na mojawapo ina tawi linaloshuka lililo zuri kuliko yote niliyonayo. Naitazama kwa majuto, kwa sababu siwezi kusema hata ilitoka bonde gani.

Mfano mkubwa zaidi wa thamani ya kumbukumbu ni kulungu mkia-mweupe aliyekutwa amekufa wilaya ya St. Louis, jimboni Missouri, mwaka 1981. Pembe zake zilipimwa kwa kanuni za Klabu ya Boone and Crockett, inayotunza rekodi za pembe Marekani, na vipimo vyake vyote vikafikia jumla ya inchi 333 na 7/8, rekodi ya dunia kwa pembe zisizolingana. Hakupigwa risasi na mtu yeyote, na bado tunajua alikopatikana na lini. Kinyume chake, kuna dume mwingine mkubwa aliyekutwa Ohio mwaka 1940, mwenye tundu kwenye pembe moja, na watu walibishana kwa miaka mingi kuhusu kilicholitoboa tundu hilo.

Kuweka mifupa ndani ya nyumba si ushirikina?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, hasa na kina mama wanaokuja na watoto, na sioni aibu yoyote kulijibu. Mifupa hii haina dawa wala kafara ndani yake, na milango ya chumba iko wazi kwa kila mgeni. Kwa wageni Waislamu huwa natoa taarifa kabla ya kugusa: katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa zaidi pwani yetu, mfupa wa mnyama asiyechinjwa huhesabiwa najisi, wakati Wahanafi huuona tohara ukishakauka. Mwenye wasiwasi aulize shekhe wake, na beseni la maji lipo mlangoni.

Je, unauza?

Siuzi. Biashara yenyewe si mbaya: mjini Jackson, Wyoming, maskauti hukusanya pembe za wapiti katika hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1912 na kuziuza kwa mnada kila mwezi wa Mei, na sehemu kubwa ya mapato hurudi kuwahudumia wapiti haohao. Lakini pembe nyingi zinazouzwa sokoni hukatwa vipande vya kutafunwa na mbwa, na hapo kumbukumbu ya yule mnyama huishia. Vilevile siwapi wageni mafuvu ya dubu wala mbwa mwitu wasafiri nayo, kwa kuwa wanyama hao wamo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na hawavuki mpaka bila kibali.

Nimeokota pembe ya ajabu. Je, naweza kukuletea?

Karibu sana, mradi uliiokota mahali panaporuhusiwa. Usiioshe, usiipake mafuta wala vanishi, na usiivunje ncha ili iingie kwenye mfuko. Kabla ya kuinyanyua, ipige picha ilivyolala, pamoja na mlima au mti utakaotambulika baadaye, kisha andika tarehe palepale. Kama ni ya kulia, ya mkia-mweupe, na pete yake ina mfuo upande wa mbele, tafadhali nipigie simu kabla hujashuka mlimani, nije unionyeshe mahali penyewe.